Kila Swala Alikuwa Bado Anapumua

Mwenye nyumba wetu wa Lindi, mtaa wa mabanda wa Nairobi, alikuwa na sharti moja tu la kumtoa mpangaji siku ile ile. Kodi ikichelewa alinung'unika. Mlevi akiimba alifunga dirisha. Lakini kibudu, mnyama aliyekufa kabla ya kisu kumfikia, hakikuingia katika ua wake. Alimwambia dada yangu hivyo siku alipomwonyesha chumba, ufunguo ukiwa bado mkononi mwake.

"Tunatumia mfereji mmoja, binti, na moshi wa jiko lako unaingia kwangu. Kibudu kikiingia kwako, kimeingia kwangu."

Dada aliitikia bila kufikiri. Angeitikia lolote. Tangu aolewe alikuwa akiishi kwa mama mkwe wake huko magharibi, akimwona mumewe Krismasi kwa Krismasi kama mtu anayengojea mvua, kwa sababu shemeji alikuwa akilala na wenzake wa kazini katika kibanda cha Laini Saba, kando ya reli, ambako mke hakuwa na pa kuweka hata kichwa. Chumba kile chenye ukuta wa udongo na bati lililopauka ndicho kilichompa mume. Kukipoteza kulikuwa kupanda basi la kurudi ushago, kwa mama mkwe. Nilipomaliza shule nikaja kutafuta kazi Nairobi, nililala upande wa pili wa pazia lao, na ninajua jinsi dada alivyokuwa akikifagia chumba kile: polepole, akirudia, kama anayempapasa ng'ombe wa maziwa asije akamkasirisha.

Mwenye nyumba alikuwa mzee wa Kinubi, mrefu, mwenye kanzu iliyofuliwa hadi ikawa laini kama karatasi ya zamani. Sisi wapangaji wengi tulikuwa Wakristo wa kutoka magharibi na ziwani. Hata hivyo Krismasi kila mmoja alimpelekea jogoo wake amchinje, ili sahani zipite kutoka mlango hadi mlango bila mtu kuuliza swali. Alimgeuza jogoo kuelekea Makka, akasema lake, akakata. Paja moja lilibaki kwake. Hakuliomba, ndivyo ilivyokuwa tu.

Shemeji alikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, katika lori la mchanga. Waliondoka kabla ya jua, wakaenda Kajiado, na njiani walipita nyika ambako magari ya usiku yalikuwa yamewagonga wanyama. Wenye magari hawakusimama. Swala alibaki pembeni mwa lami, miguu imekunjika, umande juu ya macho. Nchi ilikuwa imeshapiga marufuku uwindaji. Hata ngozi kuukuu iliyokuwa ukutani kwa mtu ilianza kushushwa na kufichwa. Lakini nyama ile ingeliwa na fisi, na shemeji hakuwa mtu wa kumwachia fisi kitu.

Swala wa kwanza aliletwa Jumamosi asubuhi juu ya mkokoteni, chini ya magunia. Mzee alikuwa amekaa mlangoni kwake. Akainua gunia kwa ncha ya fimbo.

"Huyu ametoka wapi?"

"Barabarani, mzee. Aligongwa. Lakini tulimkuta bado anapumua," shemeji alisema. "Dereva wetu ni Mwislamu, akashuka akamchinja."

Mzee alitazama shingo. Ilikuwa imekatwa, mkato mmoja safi. Akashusha gunia. "Basi Mungu amewapa."

Tulimlaza nyuma ya chumba juu ya turubai. Shemeji alimfungua kuanzia kwenye vifundo vya miguu ya nyuma, kisha akaacha kisu na kuanza kumchuna kwa ngumi, akiisukuma kati ya ngozi na nyama, na ngozi ilikuwa ikiachia kwa sauti ya kitambaa kilicholowa. Nilikuwa sijawahi kuona upande wa ndani wa ngozi. Ulikuwa mweupe wenye rangi ya samawati, mishipa imeenea kama mito kwenye ramani, hadi ulipofika mbavuni, mahali gari lilipompiga. Hapo palikuwa peusi. Damu ilikuwa imevilia kama zambarau zilizopondwa, na nyama ya hapo shemeji aliikata yote akaitupa. Halafu alitoa tumbo kwa mikono miwili, taratibu, akalinusa. Tumbo likipasuka ndani, alisema, mnyama mzima huoza kwa uchungu wake mwenyewe. Halikuwa limepasuka. Dada alikata vipande virefu, akapaka chumvi, akavitundika kwenye waya juu ya jiko. Kwa siku kadhaa chumba chetu kilinuka kama nyika.

Mguu mmoja wa nyuma ulikwenda kwa mzee.

Wa pili alikuja kabla hatujamaliza wa kwanza. Kisha wa tatu, swala mdogo wa kike. Kila mmoja aligongwa na gari, kila mmoja alikuwa bado anapumua, na kila mmoja alikatwa shingo na dereva ambaye hatukuwahi kumwona, kwa sababu lori halikuweza kuingia katika vichochoro vya Lindi. Mguu ulikwenda kwa mzee kila mara.

Mlango uliofuata aliishi mama aliyekaanga mandazi. Alikuwa na mdomo uliokaanga pia.

"Mama," alimwambia dada wakiwa kwenye mfereji, ndoo zikijaa, "hawa swala wa bwana yako wana adabu sana. Wanagongwa, wanalala, wanangojea kisu kifike, ndipo wanakufa. Hata watu hawangojei hivyo!"

Wanawake walicheka. Dada alicheka nao, kwa kuwa asingecheka angeonekana. Lakini alipofunga mlango alisimama katikati ya chumba, ndoo ingali kichwani.

"Wewe umesoma," aliniambia. "Mtu anaweza kuokota swala wote hao, na wote wakawa hai?"

Nilisema sijui.

"Mimi najua. Moja kati ya mawili. Ama wamekufa, na anawakata shingo baadaye ili mzee asitufukuze. Ama wako hai kweli, kwa sababu anawatega kwa waya." Akatua ndoo. "Wakiwa wamekufa, natolewa hapa. Wakiwa hai, anafungwa, na bado natolewa hapa."

Tangu siku hiyo nyama ile ilibadilika mdomoni. Nilikuwa nikitafuna na kusikiliza. Dada alianza kumpekua mumewe: mifuko ya suruali, chini ya mkeka, ndani ya buti za kazi, akitafuta kipande cha waya. Hakupata kitu, na kutopata kulimtia shaka zaidi, maana tanboi gani hana hata kipande cha waya? Shemeji naye aliona vitu vyake vimesogezwa. Alianza kuvua buti mlangoni na kuzigonga pamoja mbele ya dada, mchanga ukamwagika, kama mtu anayeonyesha kwamba hana kitu.

Siku moja nilikuwa na dada kwenye kivuko cha reli, lori likapita na shemeji amekaa juu ya mchanga, akatupungia. Dada hakumtazama yeye. Alimtazama dereva. Kwenye kioo cha mbele ilikuwa inaning'inia rozari.

Jioni alimngojea mumewe, hata maji hakumpa.

"Mwislamu gani anaendesha na rozari?"

"Rozari ni ya mwenye lori," shemeji alisema. "Ni Mkatoliki. Amesema isitolewe."

"Ati mwenye lori."

"Sasa unataka nimlete dereva hapa atoe shahada mbele yako?"

"Ndiyo. Mlete."

Hakumleta. Akageuka upande wangu. "Shem, dada yako angezaliwa mwanamume angekuwa karao, polisi kabisa."



Mimi ndiye niliyeona jambo la mguu. Nyuma ya nyumba ya mzee palikuwa na ua wa mabati yaliyochakaa, na ng'ambo yake alikaa mlinzi wa duka, Mkristo kama sisi. Nilikuwa nikimwaga maji machafu nilipomwona mke wa mzee akipitisha kitu kilichofungwa kwa gunia kupitia pengo la bati. Gunia lilifunguka kidogo. Ukwato mdogo mweusi ulichungulia, uliong'aa kama kifungo cha koti. Mguu wetu, mzima, haujaguswa.

Nilimweleza dada. Alikaa chini.

"Basi anajua," alisema.

"Au hapendi tu nyama ya porini."

"Angesema. Mtu asiyependa kitu husema asante, sipendi." Alikuwa akisokota ncha ya leso. "Anajua, na amenyamaza. Kwa nini anyamaze? Anangoja nini?"

Alimwambia mumewe waache. Nilisikia yote kutoka upande wangu wa pazia. Shemeji alisema sawa, lakini amebakisha mmoja: ngoma ya kanisa ilikuwa imepasuka, kanisa letu dogo la mabati huko Laini Saba, na alikuwa amewaahidi ngozi. Ngozi ya swala haina kifani kwa ngoma. Nyembamba, na sauti yake inafika mbali. Huyo angekuwa wa mwisho.

Huyo wa mwisho alikuwa dume mwenye pembe, mzito. Shemeji alikuwa akiichuna ngozi yake kwa uangalifu ambao sikuwahi kuuona, asije akaitoboa. Nyama tuliikata upesi tukaificha ndani. Lakini ngozi ya ngoma haikaushwi ndani. Ilibidi itandazwe chini, ivutwe, ipigiliwe vigingi pembeni kote, ipakwe majivu, ipate jua. Kwa hiyo Jumapili baada ya ibada ilikuwa imelala uani, upande wa ndani juu, wazi kama ukurasa, kila mtu aliyeteka maji akiipita.

Ndipo wakaja wawili. Mmoja alivaa sare ya khaki, mwingine koti la mvua ingawa hakukuwa na mvua. Hawakuuliza njia. Walikuja moja kwa moja hadi uani kwetu, na mama wa mandazi akainamia karai lake ghafla, kana kwamba mafuta yamemwita.

"Mwenye ngozi ni nani?"

"Mimi," shemeji alisema.

"Umeipata wapi?"

"Barabarani, afande. Gari lilimgonga."

Yule wa khaki alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye majivu hadi mbavuni, pale peusi. "Ni kweli. Hapa naona gari." Kidole kikaendelea hadi shingoni, kikasimama kwenye mkato. "Na hapa naona kisu. Gari gani la nchi hii linalogonga na kuchinja?"

Watu walicheka. Uani kote kulikuwa kumejaa, watoto hadi juu ya ukuta. Mzee alikuwa ametoka na birika lake, akijiandaa kutawadha, akasimama kizingitini.

"Jibu," alisema wa koti la mvua. "Ulimkuta hai?"

Sentensi ile ile aliyoisema kila Jumamosi ilikuwa palepale kwenye ulimi wa shemeji, na sasa ilikuwa imegeuka pingu. Akisema alikuwa bado anapumua, amekiri kuwa mwindaji. Akisema alikuwa amekufa, mzee yuko pale na birika.

Dada alitoka chumbani. Mikono yake ilikuwa na unga hadi viwiko.

"Alikuwa amekufa, afande. Wote walikuwa wamekufa. Bwana yangu huwakata shingo baadaye."

"Mtu anamchinjaje maiti, mama? Kwa faida gani?"

Dada hakumtazama askari. Alimtazama mzee. "Ili tusifukuzwe hapa."

Mfereji ulikuwa ukitona ndani ya ndoo ya mtu. Askari wa khaki alitabasamu, kama mtu anayeuziwa hadithi na hajaamua kuinunua. Akageuka.

"Mzee, wewe ndiye mwenye ua. Na wewe unajua kuchinja. Njoo uangalie. Huyu mama anasema kweli?"

Mzee alitua birika. Alikuja polepole, akakunja kanzu, akachuchumaa juu ya ngozi. Akafuta majivu kwenye mkato kwa kidole gumba. Akaufuata mkato kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi tena. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake puani. Sikuweza kuona alichokiona. Kidole chake kilikuwa kikifunika.

"Mnyama akichinjwa hai," alisema, "moyo unasukuma, damu inaingia kwenye kingo za ngozi, huwezi kuiosha ikatoka. Hapa hakuna damu." Akainuka. Akapaza sauti, mtu mpole yule, hadi waliokuwa nje ya lango wakasikia. "Huyu hakuchinjwa. Ni kibudu. Kibudu kimeingia katika ua wangu."

"Na ile miguu uliyokuwa ukipewa, mzee?" Mama wa mandazi aliuliza. Hata siku ile hakuweza kujizuia.

"Nimeulizwa habari ya shingo," mzee alisema, akachukua birika lake.

Askari waling'oa vigingi. Walibeba ngozi, pembe, na nyama yote iliyokuwa juu ya waya wetu. Walisema mnyama wa porini ni wa serikali hata akifa kwa gari. Shemeji alipewa onyo la maneno makali, kisha wakaondoka, mkononi mwa yule wa koti gunia linalonuka nyika. Shemeji alibaki na uhuru wake. Dada alibaki na mume wake. Lakini chumba kilikuwa kimekwenda.

Mzee alipomaliza kuswali alikuja mlangoni kwetu, akasimama nje. Sharti lilisema siku ile ile. Alisema, "Nendeni lori likipita Jumamosi." Hakumwangalia dada. Dada alimshukuru.

Jumamosi hiyo lori lilisimama kwenye reli, na kwa mara ya kwanza dereva alikuja hadi uani kusaidia kubeba kitanda. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni. Alipomwona mzee mlangoni alivua viatu bila kuambiwa, akamsalimia kwa salamu ya Kiislamu, akauliza hali ya nyumba, na akajibu alipoulizwa ametoka msikiti gani. Mzee aliitikia yote. Kisha akashika mkono wa dereva, hakuuachia upesi, akaugeuza kama anayetafuta kitu kwenye kiganja.

Dada alikuwa amebeba sufuria. Nilimwona akisimama.

Tulifika mtaa wa Kawangware tukiwa juu ya lori, vitu vyetu vimekaa juu ya chembe za mchanga zilizobaki. Dereva ndiye aliyetupatia pa kulala, nusu ya chumba kwa jamaa zake, nguo ikiwa ukuta. Ijumaa alikwenda msikitini. Alifunga Ramadhani yote. Dada alimchunguza kama alivyozichunguza zile buti, na hatimaye akamuuliza kwa kinywa chake: wale swala, uliwachinja wewe?

"Muulize bwana yako," dereva alisema, akicheka, akaenda zake.

Alimuuliza. Shemeji alisema, "Si wewe uliyewaambia askari walikuwa wamekufa? Basi walikuwa wamekufa."

Hapo ndipo shaka yetu ilipohama. Haikumlenga tena shemeji peke yake. Ilimlenga mzee. Maana kama dereva aliwachinja swala wakiwa hai, basi kingo za ngozi ile zilikuwa na damu, na mzee aliiona, akaifunika kwa kidole gumba, akadanganya mbele ya askari na mbele ya Mungu wake, kumwokoa mpangaji. Na aliyetangaza mbele ya mfereji mzima kwamba kibudu kimeingia kwake asingeweza kutuacha tuendelee kukaa. Ingembidi atufukuze ili aaminiwe. Au haikuwa hivyo hata kidogo. Labda alisema alichokiona na akatimiza sharti lake, basi, na sisi ndio tuliokuwa tukitafuta wema kama waya ndani ya buti.

Krismasi ilipofika dada alinunua jogoo. Kulikuwa na wachinjaji Kawangware, na dereva tulikuwa naye nyumba moja. Dada alimfunga jogoo miguu, akamweka kwapani, tukatembea hadi Lindi.

Dirishani mwa chumba chetu cha zamani palikuwa na pazia jipya. Humo alikuwa akikaa mdogo wake mama wa mandazi, aliyekuja kutoka nyumbani. Mama wa mandazi alitupokea kwa vifijo vingi mno.

Mzee alitoka na kisu kana kwamba alikuwa akitungoja. Alimshika jogoo kifuani, akakaza vidole.

"Huyu anapumua?" aliuliza.

"Anapumua, mzee," dada alisema. Kisha, kabla mzee hajamgeuza jogoo kuelekea Makka: "Mzee, ile shingo. Ilikuwa na damu au haikuwa na damu?"

"Shika mabawa vizuri, binti, yasije yakakurushia damu."

Akasema lake, akakata. Damu ilimwagika juu ya mchanga, na sote watatu tuliitazama hadi ilipokoma. Dada alimnyonyoa jogoo pale pale kwenye mfereji, akakata paja, akalipeleka kwa mikono miwili. Mke wa mzee alilipokea.

Nilimwambia dada nakwenda kusalimia watu. Sikusalimia mtu. Nilizunguka nyuma, nikasimama kando ya ua wa mabati, karibu na lile pengo. Mlinzi wa duka alikuwa amekaa ng'ambo kwenye kigoda chake, naye akilitazama pengo. Tulingoja pamoja. Pengo lilibaki tupu. Baadaye kidogo, kutoka jikoni kwa mzee, tulisikia mafuta yakilia kwenye sufuria, na harufu ya vitunguu ikatufikia.

Mlinzi alisonya, akasogeza kigoda chake kivulini.

Nilirudi mbele. Dada alikuwa ameshajifunga leso, jogoo aliyebaki amefungwa ndani ya karatasi. Aliniangalia usoni, akajua nilikotoka.

"Amelipika?"

"Amelipika."

Aliitikia kwa kichwa. Tulipolipita dirisha la chumba kile alinyoosha mkono, akaugusa udongo wa ukuta kwa ncha za vidole, huku akitembea, na hakuuliza kingine mpaka Kawangware.